Naomba ushauri: ukingo wa mto unabomoka na miche yetu imekufa, tuanzie wapi?

Kijani_Kwetu (mleta uzi)

Habari wakuu. Kikundi chetu cha kujitolea kijijini kina watu 24, na tunafanya kazi kwa muda wa saa tatu kila baada ya wiki mbili. Eneo ni uwanja wa wazi wa kijiji pamoja na ukanda wa mto wenye urefu wa m 180. Hali ilivyo:

Kwenye kona, upande wa nje, m 40 za ukingo zimebomoka. Umebaki wima, kimo m 2, na chini maji yameula hadi pakawa kama pango. Maji ya barabara nayo yanashukia hapohapo. Mwanzo wa mvua zilizopita ilipandwa miche 300, iliyo hai sasa ni kama 60. Ng'ombe na watu wanashuka mtoni popote wanapotaka. Kuna vichaka vya lantana kando ya maji, na kwenye kidimbwi kimoja magugu maji yameanza.

Wenzetu wamegawanyika: wapo wanaotaka ukuta wa zege, wapo wanaotaka tufyeke kila kitu tupande upya. Naomba mnisaidie mpangilio wa kazi na vipimo.

Mpima_Mteremko

Mkuu, maji ya barabara umeyataja kwa sentensi moja, lakini hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Ukingo unaoloweshwa kutoka juu unabomoka hata mto ukiwa mtulivu. Udongo unakunywa maji, unakuwa mzito, na maji yaliyo ndani yake yanausukuma utoke. Ndiyo sababu kingo nyingi huanguka pale mto unaposhuka baada ya mafuriko: maji yaliyokuwa yakiuegemeza ukingo yameondoka, na udongo bado umelowa.

Chimbeni mtaro wa kukinga maji, angalau m 5 kutoka ukingoni, upana sm 50 na kina sm 40. Udongo unaotoka uwekeni upande wa mtoni uwe tuta. Mtaro ushuke m 1 katika kila m 100 hadi 200, basi. Ukiwa mkali zaidi maji yatachimba korongo jipya, na ukilala mno utajaa tope. Upelekeni mpaka sehemu ya ukingo iliyo imara na iliyonyooka, hapo maji yashuke juu ya mawe yaliyopangwa, na chini muweke kitanda cha mawe cha m 1 au zaidi cha kupunguza kasi.

Kama tayari kuna kijikorongo, jengeni vizuio vya mawe ndani yake. Nafasi hupatikana hivi: kichwa cha kizuio cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kizuio kilicho juu yake. Katikati ya kizuio pawe chini kuliko pembeni kwa sm 15, la sivyo maji yatakata njia pembeni na kizuio kitabaki kimesimama bure.

Mawe_na_Waya

Naunga mkono hapo juu. Sasa ukuta wa zege. Ukuta laini hauuvunji mkondo, unausukuma tu mbele, ukaule ukingo wa mwenzenu anayefuata. Mkondo huohuo huchimba mguuni mwa ukuta. Kama msingi haukufika chini ya kina ambacho mto unachimba wakati wa mafuriko, ukuta unabaki unaning'inia, kisha unapasuka. Viroba vya mchanga ni vya dharura tu, kwa sababu jua huvila vikapasuka ndani ya miezi. Matairi chakavu msiyaweke kabisa. Mafuriko yakiyang'oa yanakwenda kuziba kalavati huko chini.

Kwa kimo cha m 2, fanyeni hivi wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini. Chongeni ukingo ulale kwa uwiano wa 1:2, yaani kila m 1 ya kimo iwe na m 2 za kulala. Maana yake mtapoteza m 4 za ardhi ya juu, na hapa ndipo vikundi vingi huogopa vikachonga m 1 tu. Hizo m 4 mto utazichukua hata hivyo, ila utazichukua vibaya. Udongo mliochonga usiingie mtoni, ubebeni kwa toroli mpaka uwanjani.

Mguuni mwa ukingo chimbeni mfereji wa upana m 1 na kina sm 50, mjaze mawe. Kwa m 40 hizo ni mita za ujazo 20 kabla hamjapandisha mawe juu ya usawa wa maji ya kawaida, kwa hiyo pangeni usafiri mapema. Mawe yawe na pembe, makubwa ya sm 30 hivi, maana yenye pembe hushikana na ya mviringo huviringika. Ncha mbili za safu zichimbiwe ndani ya ukingo m 1 au zaidi kila upande, kwa sababu maji huanza kuzunguka kwenye ncha.

Kuna mipaka ya kazi ya kujitolea. Kama kiangazi kilichokolea maji ya kona bado yanapita kiuno, au kuna nyumba, daraja au nguzo karibu, hiyo ni kazi ya mhandisi wa maji. Na kabla ya jembe la kwanza, mpate ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi na ya mamlaka ya maji. Kazi ndani ya mto karibu kila mahali inahitaji kibali.

Bibi_Kitalu

Mwanangu, nakuja kwenye miche. Kwanza tupige hesabu ya maji. Mche mchanga unahitaji kama lita 10 kwa wiki mvua ikikatika. Miche 300 ni lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20. Kwa watu 24 ni ndoo 6 na zaidi kwa kila mmoja, kila wiki, na nyinyi mnakutana kila baada ya wiki mbili. Kwa mpango huo miche ilikuwa inakufa hata ingepandwa vizuri namna gani. Pandeni 80. Hiyo ni ndoo 40 kwa wiki, zamu ya watu wanne wenye toroli inatosha.

Ng'oeni michache iliyokufa muitazame mizizi, itawaambia mengi. Kama mizizi imejizungusha kama kamba ndani ya umbo la kiriba (mfuko wa kitaluni), basi kiriba hakikuondolewa au mche ulikaa kitaluni kupita muda wake. Kama shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iko chini ya udongo kwa sm 5 au zaidi na gome limeoza, ulizikwa. Gome likiwa limeguguniwa pande zote karibu na ardhi, ni mbuzi au panya.

Shimo kwenye ardhi ngumu liwe sm 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu uwekeni kando, ndio unaorudi kwanza kuzunguka mizizi. Shingo ibaki usawa wa ardhi. Matandazo ya majani makavu unene sm 8 hadi 10, duara la kipenyo cha m 1, ila yasiguse shina: acheni sm 10 wazi, maana yakigusa yanaozesha gome na kuwapa mchwa daraja. Kila mche uzungushieni vigingi vitatu na matawi ya miiba. Kigingi cha kuufungia mche kisikae zaidi ya mwaka, kamba inakata gome.

Na msipande miti mikubwa kwenye mdomo wa ukingo. Ikiota juu ya ukingo mkali, upepo ukiitikisa inang'oka na kipande cha ardhi. Irudisheni nyuma m 5, mbele yake muache nyasi na vichaka. Mikaratusi iwe mbali kabisa na mto, inakunywa maji mengi.

Kijani_Kwetu

Shikamoo Bibi, na asante. Wakuu, kwenye ule mteremko wa 1:2 tunataka kupanda vetiva, zile nyasi za mizizi mirefu inayoshika udongo. Idadi gani, na mistari tunaipataje iwe sawa bila mashine ya kupimia?

Mpima_Mteremko

Tengenezeni fremu ya A. Miti miwili ya m 2 ifungwe juu, miguu itanuliwe m 2, na mti wa tatu ufungwe kukatiza katikati. Kutoka kileleni ning'inizeni timazi, jiwe kwenye uzi linatosha, lipite mbele ya mti wa kukatiza. Isimamisheni, wekeni alama pale uzi unapogusa. Geuzeni miguu, kulia iende kushoto palepale, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Hatua hii ya kugeuza huachwa na wengi, na ndiyo inayofuta makosa ya miguu isiyolingana. Kisha mnatembeza fremu: mguu mmoja ubaki, mwingine usogezwe juu au chini mpaka uzi ukae kwenye alama ya katikati, piga kigingi. Siku yenye upepo mzito tumieni pimamaji iliyofungwa kwenye ule mti wa kukatiza.

Kwa kimo cha m 2 wekeni mistari mitatu: mmoja juu kidogo ya mawe, mmoja katikati, mmoja kwenye bega la juu. Mistari mitatu ya m 40 ni m 120. Nafasi ya sm 10 kati ya kipando na kipando inahitaji vipando 1,200, ongezeni 150 vya kuziba mapengo. Msikimbilie nafasi ya sm 20 ili kuokoa vipando. Maji hukusanyika penye pengo, yakapita hapo kwa nguvu kuliko kama mstari usingekuwapo.

Kila kipando kiwe na machipukizi 2 au 3. Kateni majani yabaki sm 20 na mizizi sm 5 hadi 10. Mizizi isikauke hata kidogo, ikae kwenye tope au gunia bichi mpaka dakika ya kupanda. Pandeni mvua ikiwa imeshalowesha ardhi vizuri. Baada ya miezi 4 au 5 kateni majani yabaki sm 30 hadi 40, mashina yataongezeka na mstari utafunga. Vetiva haipendi kivuli, kwa hiyo chini ya miti iliyofunga tumieni nyasi za asili za hapo. Chagueni aina isiyozaa mbegu inayoota, ili isije ikawa gugu.

Katikati ya mistari chomekeni pingili za vichaka vya asili, vile mnavyoviona vimejiotea kwenye ukingo mzima juu na chini ya eneo lenu. Pingili ya unene wa sm 2 hadi 4 na urefu wa sm 80, robo tatu iwe ardhini, macho yakitazama juu. Tobo litangulizwe kwa mtalimbo, kwa sababu pingili inayogongwa kwenye ardhi ngumu hupasuka kichwa na kukauka.

Njia_na_Malisho

Mkizuia ng'ombe bila kuwapa njia, uzio utang'olewa ndani ya wiki. Tengenezeni mahali pamoja pa kunyweshea, sehemu iliyonyooka, kamwe si upande wa nje wa kona. Upana m 4, mteremko wa 1:6 au mlalo zaidi, mawe yaliyoshindiliwa unene wa sm 20, na pembeni vizuizi vya miti vinavyoingia kidogo majini. Mnyama hupenda kukanyaga palipo imara, kwa hiyo atapafuata mwenyewe. Watu wanaoteka maji wapewe ngazi yao upande wa juu wa mkondo, mbali na mifugo.

Njia ya miguu ikae m 5 kutoka ukingoni, upana m 1.5 watu wawili wapishane. Uso wake uinamie upande mmoja, sm 2 hadi 3 kwa kila m 1, maji yavuke njia badala ya kutembea nayo.

Kofia_Ngumu

Usalama, kwa ufupi. Kiongozi mmoja kwa watu 10 hadi 12. Wenye panga na sururu wapeane nafasi ya m 3. Asiingie mtu kwenye maji yanayopita magoti, na mvua ikinyesha milimani kazi ya mtoni isimame hata kama kwenu jua linawaka. Mabuti ya mpira na glovu ni lazima: maji yaliyotulia yanaweza kuwa na kichocho, na mkojo wa panya kwenye tope huambukiza kupitia michubuko. Sindano na vioo viokotwe kwa koleo, viingie kwenye chombo kigumu chenye mfuniko. Na msikae chini ya ule ukingo wenye pango hata kwa dakika moja. Uangusheni kutoka juu kwanza.

Mfyekaji_Makini

Naongeza la lantana na magugu maji, kwa sababu hapo ndipo hoja ya kufyeka kila kitu inapoleta hasara. Mteremko uliofyekwa wote unakutana na mvua ukiwa uchi. Ondoeni kwa vipande vya m 5, mrukie m 5, na kila kipande kifunikwe kwa nyasi au miche kabla ya kurudi kwenye kilichobaki. Lantana ing'olewe udongo ukiwa umelowa, na shina likatwe sm 10 chini ya ardhi. Likikatwa juu linachipua matawi mengi kuliko mwanzo. Fanyeni hivyo kabla matunda hayajaiva, ndege husambaza mbegu.

Magugu maji yaanzwe leo, msisubiri ratiba. Kwenye joto na maji yenye mbolea yanaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Wekeni kamba yenye maboya kwenye mlango wa kidimbwi, ili vipande visiponyoke kuingia mtoni wakati mnavuta kwa reki ndefu. Rundo likae juu ya alama ya mafuriko, lianikwe mpaka likauke kabisa. Mbegu hukaa topeni miaka mingi, kwa hiyo mtu mmoja apite kila wiki kuokota vinavyoibuka vikiwa bado vinaenea mkononi.