Mrejesho: kuwavuta madevelopa watumie MQTT

Wakuu habari za siku, nimerudi na mrejesho. Niliuliza nifanyeje madevelopa wa hapa Dar waunganishe programu zao na mfumo wetu wa sensa za matenki ya maji unaotumia MQTT (protokali, yani utaratibu wa vifaa kutumiana meseji fupi mtandaoni), maana kila niliyemwonyesha akifika kwenye mambo ya topiki (jina la njia inayopita meseji), QoS (kiwango cha uhakika wa meseji kufika) na kuweka koneksheni wazi muda wote anakata tamaa.

Asanteni sana mliosema nifiche protokali nyuma ya laibrari ndogo (kodi iliyoandikwa tayari) yenye fanksheni mbili tu, tuma() na sikiliza(). Nimefanya hivyo, mtandao ukikatika laibrari inajiunga upya yenyewe, na kwa kweli jamaa wa Sinza na Kijitonyama waliokuwa wananikwepa sasa wanatuma meseji ya kwanza kabla hata hawajaniuliza swali. Yule aliyesema mfano wa kukopi na kupesti ukae juu kabisa ya maelezo, Mungu akubariki, hiyo ndo imesaidia kuliko vyote.

Nilijaribu pia daraja la HTTP, yani programu iwasiliane na mfumo kwa maombi ya kawaida ya wavuti bila kugusa MQTT, limefanya kazi nusu. Kutuma poa, kupokea inabidi programu iulize kila mara kama kuna jipya na bando la watu linaisha, hapo nimeachana nako, anayetaka kupokea atumie laibrari. Kingine, QoS 1 inahakikisha meseji inafika angalau mara moja, yani inaweza kufika hata mara mbili, fundi pampu akawa anapata alati mbili za tenki lilelile. Sasa kila meseji ina namba yake, iliyojirudia laibrari inaitupa.