Ulinganisho: samadi, bayocha (makaa ya mabaki ya mimea), udongo wa kichuguu au chokaa kwa ardhi ya kichanga Tabora

Uyui_Mahindi
Wakuu, naomba mchango. Shamba ni ekari 2 huku Uyui, luseni tupu (udongo wa kichanga), limelimwa tumbaku kisha mahindi kwa miaka mingi. Vipimo vya maabara: pH (kipimo cha uchachu) 5.0, mboji chini ya asilimia 1. Mahindi yanaota vizuri, yakifika magotini yanakuwa njano kuanzia majani ya chini, na mvua ikikatika wiki moja tu yanajikunja. Urea ni mfuko mmoja kwa ekari, unawekwa mara moja. Vinavyopatikana karibu ni samadi ya wafugaji, pumba za mpunga kutoka mashineni, vichuguu vipo ndani ya shamba, na chokaa inauzwa mjini. Hela haitoshi vyote. Nianze na kipi kabla ya mvua za Novemba?

Bwanashamba_Urambo
Mkuu, majani ya chini kuwa njano ni njaa ya naitrojeni, lakini usikimbilie mfuko wa pili. Urea ikiingia kwenye udongo wenye unyevu hugeuka naitreti ndani ya wiki chache, na mchanga hauna cha kuishikia. Mvua kubwa ya Desemba inaishusha chini ya mizizi. Hapo unalipia mbolea inayokwenda kwenye maji ya chini.

Samadi ndiyo ya kwanza. Usimwage shamba zima, weka kwenye mashimo. Kwa nafasi ya sm 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Viganja viwili vilivyojaa, tuseme gramu 400, vinakupa tani 3.6 kwa ekari. Changanya na udongo wa shimo, funika na udongo mtupu kidogo, ndipo mbegu. Mbegu ikigusana na samadi isiyooza inaungua.

Mfuko huohuo wa urea ugawe: nusu wiki ya tatu, nusu wiki ya sita. Chimba kitundu cha sm 5, umbali wa sm 10 kutoka kwenye shina, fukia. Ikibaki juu ya udongo, sehemu yake inapotea hewani.

Kagua samadi kabla ya kulipa. Iliyokwanguliwa kwenye zizi la wazi wakati wa kiangazi huwa na mchanga mwingi. Tia konzi moja kwenye chupa angavu yenye maji, tikisa, acha itulie: mchanga utauona chini. Jambo la pili ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Ng'ombe waliolishwa mabua ya shamba lenye kiduha huzisambaza mbegu zake kwa kinyesi, kwa hiyo uliza walikolishwa. Rundika samadi miezi mitatu, imwagie maji, igeuze kila wiki tatu ili joto lifike kila upande.

MamaBustani_Kaliua
Nakubaliana na Bwanashamba kwa mahindi ya ekari 2, ila samadi kwenye kichanga chetu inaisha haraka. Joto na mchwa vinaimaliza, msimu wa pili unatafuta nyingine. Bayocha inakaa ardhini miaka mingi, ndiyo nguvu yake. Yenyewe siyo mbolea. Kazi yake ni kushika maji na virutubisho ulivyoweka wewe.

Pumba za mpunga: tafuta debe la bati, litoboe matundu mengi ya sm 1 pembeni, lichomeke bomba la bati juu kama dohani. Washa moto wa vijiti ndani, kisha zungushia pumba kwa nje kama kilima. Zikianza kuwa nyeusi kwa juu, geuza zile mbichi ziingie karibu na debe. Zote zikishakuwa nyeusi, tawanya na umwagie maji mengi papo hapo. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaziacha zijizimie, asubuhi wanakuta majivu ya kijivu. Majivu yana potashi na yanapunguza uchachu, lakini kaboni uliyoifuata imekwishaondoka. Kilo 100 za pumba zitakupa kama kilo 30 hadi 35 za bayocha.

Usiiweke shambani ikiwa kavu. Bayocha mpya hunyonya naitrojeni na miche inadumaa. Changanya debe kwa debe na samadi au mboji, weka unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, funika wiki tatu. Kwa tuta la bustani la m 1 kwa m 10, madebe matano ya bayocha pamoja na matano ya samadi, yachanganywe hadi sm 15. Kwa ekari 2 za mahindi pumba hazitatosha. Weka kiganja kimoja cha mchanganyiko kila shimo, robo ekari kwa mwaka. Na tafadhali msikate miombo kwa ajili ya hili. Magunzi na maganda ya karanga yapo.

Uyui_Mahindi
Asante dada. Mabua ya tumbaku je? Yamejaa hapa.

MamaBustani_Kaliua
Yakichomwa kuwa bayocha hakuna tatizo, moto unaua virusi vya batobato (ugonjwa unaotia mabaka majani ya tumbaku). Kuyaozesha kwenye mboji ya nyanya, pilipili au tumbaku, hapana. Virusi hivyo vinavumilia ukavu na mboji isiyopata joto la kutosha haiviui.

Mchanga_Sikonge
Kichuguu msikisahau. Udongo wake una mfinyanzi zaidi, mara nyingi na kalisi zaidi, na mfinyanzi hauozi kama samadi. Chukua cha zamani kisicho na mchwa hai, ponda, tandaza, kisha lima. Kero ni uzito: konzi mbili tatu hazibadilishi kitu, unahitaji mikokoteni mingi. Kwa kuwa viko ndani ya shamba, anza na mita 20 zinazokizunguka kila kichuguu.

Chokaa kwa pH 5.0 inafaa, hasa kwa maharage na karanga, lakini kichanga hakihitaji nyingi. Kilo 200 hadi 300 kwa ekari, ichanganywe na udongo wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Ukizidisha, zinki inakuwa ngumu kupatikana na mahindi yanatoa michirizi myeupe. Usiichanganye na urea au samadi siku moja, naitrojeni inatoroka kama amonia. Ukipata fosfeti ya Minjingu (mbolea ya mwamba uliosagwa), pH yako inaifaa: inahitaji uchachu ili iyeyuke, na inaleta kalisi pia.

Nzega_Marudio
Naomba niulize upande mwingine. Je, bayocha inasafisha eneo lililomwagwa marudio ya dhahabu (mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuchenjuliwa)? Watu wanataka kupanda mchicha.

Bwanashamba_Urambo
Hapana ndugu, na hapa naomba tuwe makini sana. Zebaki na risasi haziozi. Bayocha na chokaa vinaweza kupunguza risasi inayoingia kwenye mmea, lakini metali yenyewe inabaki palepale. Kama kuna aseniki mambo yanageuka: chokaa na mbolea za fosfeti zinaweza kuiachilia ipande zaidi. Kwa hiyo DAP au Minjingu kwenye marudio bila kupima ni hatari. Mboga za majani na za mizizi ndizo mbaya zaidi, na vumbi linalorukia majani halitoki lote kwa kuosha. Mpunga wa majaruba vilevile, maji yakituama huvuta aseniki.

Panda miti ya mbao au nguzo, funika ardhi kwa nyasi zisizolishwa mifugo, chimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasishukie bustani za chini. Miti na nyasi za hapo msizichome, zebaki inapanda na moshi. Mchicha upandwe kwenye vitanda vyenye udongo ulioletwa kutoka mahali pengine, mbali na upepo wa marudio.

Uyui_Mahindi
Nimeelewa. Samadi mashimoni ekari zote 2, chokaa kwenye ekari moja kati ya hizo, nitakayopanda karanga, bayocha robo ekari. Matuta nifunge, yaani niweke vizuizi vya udongo kati ya tuta na tuta ili maji yasitiririke?

Mchanga_Sikonge
Kwenye luseni faida ni ndogo, maji yanazama yenyewe. Funga sehemu yenye mteremko tu, kila m 2, kizuizi kiwe chini kuliko tuta. Kule mbugani kwenye udongo mweusi usifunge kabisa, mahindi yatasimama kwenye maji.