MJADALA: Atomu ni jua dogo na sayari zake, au tunawadanganya watoto?

Mtu wa Uyole
Wakuu habari za asubuhi, huku kwetu ukungu hata ng'ombe wa jirani simwoni. Jana mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa anachora atomu, kiini katikati elektroni zinazunguka kwenye duara, akaniambia anko hii si ni jua na sayari, na ubongo nao ukiuangalia ni kama magalaksi, yale makundi makubwa ya nyota, kwa hiyo kuna ulimwengu ndani ya ulimwengu. Nikambishia, akanuna, mama yake akaja juu kwamba nimwache mtoto ndo alivyofundishwa. Mimi nasema mchoro ule ufutwe madarasani.

Ule ni wa Rutherford wa 1911, Bohr akaurekebisha 1913, na miaka ya 1920 haijaisha wanafizikia wenyewe walishauacha. Elektroni ina chaji, ingekuwa inazunguka kama sayari ingetoa mwanga muda wote, ikaishiwa nguvu na kudumbukia kwenye kiini ndani ya muda ambao hata kope hujapepesa, na hapa tusingekuwepo wa kubishana. Alafu angalia nafasi, kutoka jua mpaka Neptune ni karibu mara 6,500 ya nusu kipenyo cha jua, lakini kwenye haidrojeni elektroni iko mbali zaidi ya mara 60,000 ya nusu kipenyo cha kiini. Na elektroni zote duniani ni sawasawa kabisa, Dunia na Mshtarii zinafanana wapi?

Mwalimu mstaafu, Tukuyu
Mwanangu umewahi kusimama mbele ya watoto 80 na chaki moja? Tulifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, na sijaona mtoto aliyekua akiamini saba ni mahindi.

Mtu wa Uyole
Shikamoo mwalimu. Punje ni saba kweli, ila elektroni haina njia ya duara kabisa, hapo ndo tatizo langu.

Wa Kihesa, Iringa
Kamwene wote. Atomu nakuachia, ila hili la ubongo umelipita mbio. Mwaka 2020 Waitalia wawili, Franco Vazza wa mambo ya anga na Alberto Feletti daktari wa upasuaji wa ubongo, walikaa wakalinganisha kwa hesabu sio kwa macho. Mpangilio wa tishu za ubongo wa nyuma kwenye vipimo vya maikromita 1 hadi milimita 0.1 unaendana na wa utando wa magalaksi kwenye vipimo vya miaka ya nuru milioni 5 hadi 500. Na ubongo asilimia kama 77 ni maji, ulimwengu nao karibu asilimia 70 ni nishati giza, ile isiyoonekana inayosukuma ulimwengu uzidi kutanuka. Hapo utasema nini?

Mtu wa Uyole
Nitasema maji sio nishati giza, hizo asilimia zimekutana tu njiani kama abiria wa stendi ya Nane Nane. Kwenye mpangilio wa tishu nakubali, ni kazi nzuri, lakini hao hao wanasema nguvu zilizounda vitu hivyo viwili ni tofauti kabisa. Kule ni uvutano umekokota gesi na maada giza, ile maada isiyoonekana, ikawa nyuzi, huku ni seli zinaota zikifuata kemikali. Ishara inakatiza kichwa chako haraka kuliko ulivyosoma sentensi hii, kwenye uzi mmoja wa magalaksi mwanga wenyewe unatembea mamilioni ya miaka. Ubongo wa namna hiyo tangu uzaliwe ungekuwa bado unajiuliza jina lake.

Kijana wa Vwawa
Mnagombania kufanana wakati kuna kitu kikubwa zaidi. Nendeni Ndolezi pale kwenye kimondo cha Mbozi mkiguse. Karibu asilimia 90 ni chuma, kinachobaki kingi ni nikeli, na chuma kile ni kilekile cha jembe lako na cha kwenye damu yako, hakifanani nacho, NDICHO, atomu zilizopikwa ndani ya nyota. Heliamu si iligunduliwa kwenye mwanga wa jua 1868 ndo ikaja kupatikana hapa duniani 1895? Walijuaje? Kila atomu inatoa rangi zake zilezile iwe juani iwe maabara. Jua tulilisoma kwa kutumia atomu, sio atomu kwa kutumia jua.

Mtu wa Uyole
Dah. Hiyo sikuifikiria, na ndo ningemwambia dogo badala ya kumbishia.

Mwalimu mstaafu, Tukuyu
Kwa hiyo mchoro unafutwa haufutwi?

Mtu wa Uyole
Ubaki mwalimu. Ila chini yake iandikwe 1911, kwa wino mwekundu. Jumamosi naenda na dogo Ndolezi, mama yake kashasema nauli ni juu yangu.