Klasta ya etcd, nodi 3: bakapu, --force-new-cluster au kubadilisha nodi?

kiongozi_raft: Wakuu, tulinganishe. Nodi za etcd (hifadhidata ya funguo na thamani inayonakiliwa kwenye seva kadhaa) zikianguka, lini inafaa njia ipi?

seva_kimya: Hesabu akidi kwanza, yaani idadi ya chini ya memba walio hai inayohitajika ili klasta iandike. Klasta ya 3, akidi ni 2. Ikifa 1, acha bakapu kabisa: `etcdctl member remove`, kisha `member add`, futa saraka ya data kwenye nodi mpya, iwashe na `--initial-cluster-state existing`. Toa mfu kabla ya kuongeza mpya. Ukiongeza kwanza memba wanakuwa 4, akidi inapanda hadi 3 wakati walio hai ni 2, na mpya akigoma kuwaka hakuna kitakachoandikika.

Mlinzi_Data: Zikifa 2, napendelea `--force-new-cluster` (inaifanya nodi iliyobaki iwe klasta mpya ya memba mmoja) kwenye hiyo iliyobaki, maana data yake kwa kawaida ni mpya kuliko bakapu. Nakili saraka yake nzima pembeni kwanza. Ikishawaka, ondoa hiyo bendera kwenye usanidi, la sivyo kila ikianza upya itawafukuza memba wengine.

seva_kimya: Sawa mkuu, ila nodi hiyo inaweza kuwa ilikuwa nyuma ya kiongozi (nodi inayopokea maandishi na kuyasambaza kwa wengine). Na kama diski yake nayo inatia shaka, bakapu ni salama zaidi.

nodi_ya_tatu: Kwa bakapu, zima kwanza seva zote za API (kwenye Kubernetes, ndizo zinazosoma na kuandika etcd). Faili ile ile moja ipelekwe nodi zote 3. Ukitumia faili za nyakati tofauti, memba watatofautiana data bila kutoa kosa lolote. Kila nodi iendeshe `etcdutl snapshot restore` kwa `--name` na `--initial-advertise-peer-urls` zake, `--initial-cluster` ile ile kwa wote, na `--data-dir` mpya. Weka pia `--initial-cluster-token` mpya, ile ile kwa wote, ili utambulisho wa klasta ubadilike na nodi yenye data ya zamani isijiunge. Angalia pia umiliki wa saraka: ukirejesha kama root, huduma ya etcd inaweza kukosa ruhusa ya kuisoma.

Mlinzi_Data: Kama ni Kubernetes, ongeza `--bump-revision 1000000000 --mark-compacted`. Bila hizo namba ya marekebisho (revision, inayopanda kila data inapobadilika) inarudi nyuma, na vidhibiti (programu za Kubernetes zinazofuatilia mabadiliko hayo) vinaendelea kuamini kumbukumbu walizoshika kabla ya ajali.

kiongozi_raft: Na faili iliyonakiliwa moja kwa moja kutoka `member/snap/db`?

nodi_ya_tatu: Hiyo haina hashi ya uhakiki (alama ya kuthibitisha kuwa faili haijaharibika), utahitaji `--skip-hash-check`. Iliyotokana na `snapshot save` usiiwekee bendera hiyo: hashi ikikataa, faili imeharibika, tafuta ya kabla yake.