Mjadala: Msalaba wa kale wa kijiji uingizwe ndani au uachwe nje?

Wadau, swali hili huwagawa watu kila msalaba wa mawe wa zama za kati unapoanza kuliwa na mvua huko Uingereza, Uskoti na Ireland. Mimi nasema uingizwe ndani, kwa sharti moja: nakala yake isimame palepale.

Misalaba hii haikuwa pambo. Mingi ilisimama sokoni, watu wakiuza na kununua chini yake, wahubiri wakihubiri, mbiu ya mgambo ikipigwa. Edinburgh, Uskoti, ni mji, si kijiji, ila desturi ni ileile: Septemba 2022 Charles III alitangazwa kuwa mfalme kwenye msalaba wa soko. Na msalaba ule ulibomolewa 1756, ukajengwa upya 1885! Mawe mengi ni mapya, kazi ni ya kale.

Sasa tazameni Ruthwell, kijiji cha kusini mwa Uskoti. Msalaba wao ni wa karne ya 8, una urefu wa zaidi ya mita 5, na umechongwa beti za Kiingereza cha kale kwa runi, herufi za kale za Ulaya Kaskazini. Mwaka 1642 ulivunjwa kwa amri ya kanisa, ukihesabiwa kuwa sanamu ya kuabudiwa. Mchungaji Henry Duncan, yuleyule aliyewafungulia maskini wa kijiji benki ya akiba mwaka 1810, alikusanya vipande akausimamisha bustanini kwake 1823. Mwaka 1887 ukaingizwa kanisani. Bila paa zile herufi zingefutika, nakubali kabisa. Lakini leo anayetaka kuuona sharti afungue mlango, na hilo linaniuma.

Clonmacnoise, monasteri ya kale huko Ireland, walifanya vizuri zaidi: miaka ya 1990 misalaba ya asili iliingia ndani, nakala zikabaki nje.

Wapinzani wangu husema nakala ya zege ni zege tu, haina baraka za mababu. Tena wana ushahidi mzito kisiwani Iona, Uskoti, ambako Msalaba wa Mtakatifu Martin umesimama nje tangu karne ya 8. Sawa. Ila jirani yake, wa Mtakatifu Yohana, uliangushwa na upepo 1951, ukaangushwa tena 1957. Tangu 1970 pamesimama nakala ya zege mbele ya abasia, yaani monasteri ya pale. Ninyi mnaoikataa, mngeweka nini pale?