Mrejesho: mabonge ya theluji yasiyoshikana

Niliuliza kwa nini watoto hapa Minnesota, Marekani, wakifinyanga theluji warushiane, inabomoka mkononi. Asanteni, kumbe ni baridi yenyewe. Kwenye nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri theluji ni kavu kama unga, haina unyevu wa kuishikisha. Ngojeni halijoto ikaribie sifuri, mchana wa jua. Chota ya kujaa viganja viwili, bana taratibu ukizungusha. Ukibana mno inageuka barafu, na hiyo inapasua mdomo. Glavu za sufu zinalowa upesi. Chukueni zisizopitisha maji.

Raha kubwa ni kule kufukuzwa! Anayekimbia apite kwenye theluji laini. Njia iliyofagiliwa huwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Magari wasiyarushie kabisa: dereva akishtuka akakanyaga breki, gari linateleza.