Stili ya pedali, ya mapajani, au nibaki na chupa kidoleni? Tunapiga moja kwa moja kwenye TV

Mpini_wa_Nakuru
Wadau, habari za jioni. Nahitaji ushauri wa haraka. Bendi yetu ya kantri imealikwa kwenye kipindi cha TV, tunapiga moja kwa moja, hakuna kurudia. Mwimbaji wetu amechoka na kinanda kuiga stili, anataka gitaa la stili lenyewe, lile la kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Nimepata wauzaji wawili: mmoja ana la pedali, lile la miguu minne ambalo ukikanyaga baadhi ya nyuzi zinapanda noti, shingo moja, nyuzi kumi. Mwingine ana la kulaza mapajani, nyuzi nane. Halafu kuna jamaa ananiambia nisinunue chochote, nivae chupa kidoleni niteleze nayo kwenye gitaa langu la kawaida. Nimekesha nikitazama vipindi vya zamani vya Marekani na kila mpigaji ananivuta kwake. Mngekuwa nyinyi mngechukua lipi?

FundiAmpu
Mkuu, kipindi ni lini? Una shilingi ngapi? Wewe mwenyewe unapiga nini kwenye hiyo bendi? Nyimbo zipi? Umeleta mgonjwa hujasema anaumwa wapi.

MzeeWaSundowner
Hata kabla hajajibu: la mapajani. Sisi tuliokulia na Sundowner, kipindi cha redio ya KBC, ule mlio uliotufanya tupende kantri haukuwa na pedali. Don Helms aliyempigia stili mwimbaji Hank Williams hakukanyaga pedali ya kupandisha noti. Alipanda juu kabisa ya shingo, kwenye sauti nyembamba, akamwachia Hank nafasi yote ya chini. Na mpigaji Jerry Byrd je? Yule mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemesha chuma kama mtu anayebembeleza mtoto. Pedali zilipoingia kila mtu akataka kuwa mashine.

Texas_Mkenya
Mzee shikamoo, lakini hapo utampoteza kijana. Mpigaji Bud Isaacs alipokanyaga pedali kwenye wimbo wa mwimbaji Webb Pierce mwaka 1954, noti moja ikapanda huku nyingine zimetulia, kila mpigaji wa Nashville, mji wa kantri, akakimbilia karakana kutafuta vyuma. Mlio watu wanaouita kantri leo ni ule. Kwenye tyuni ya E9, ile ya kawaida ya kantri, uko kwenye chord ya E, unakanyaga pedali mbili zinazoitwa A na B pamoja, umefika chord ya A bila kusogeza chuma hata nywele moja. Uzi wa B unapanda kuwa C#, wa G# unakuwa A, na E inabaki palepale ikilia. Kwa gitaa la mapajani utateleza wote kwa pamoja, au uinamishe chuma uombe Mungu.

MzeeWaSundowner
Marahaba. Jerry Byrd hakuomba Mungu, alifanya mazoezi.

Mpini_wa_Nakuru
Samahani wadau, nilikuwa kazini. Kipindi ni baada ya wiki tano. Nina laki moja na nusu. La pedali anataka laki na themanini, la mapajani elfu thelathini na tano. Mimi napiga rithimu, stili sijawahi kuikalia. Nyimbo ni tatu: mmoja wa Charley Pride, mmoja wa Don Williams, na ule wa simu wa Jim Reeves.

FundiAmpu
Wiki TANO? Na hujawahi kuikalia?

Binti_Tanga
Hodi humu. Huo wa simu wa Jim Reeves hauna stili jamani. Sikilizeni tena. Ile inayolia kama kengele ya mbali ni vaibrafoni, ala ya vibao vya chuma vya kugonga, Marvin Hughes ndiye aliyeigonga, na piano ni ya Floyd Cramer. Wimbo ulitoka mwishoni mwa 1959, wakati Nashville walikuwa wanaondoa stili na fidla ili waingie kwenye redio za mjini. Kwa hiyo kinanda chenu kilikuwa sahihi kwa wimbo mmoja kati ya mitatu.

Mpini_wa_Nakuru
Dada umenivunja moyo. Miaka yote nilijua ile ni stili.

MzeeWaSundowner
Hata mimi. Nimerudi kusikiliza sasa hivi. Ni kweli. Najisikia kama nimegundua jirani yangu wa miaka thelathini ana jina lingine.

Texas_Mkenya
Tukirudi kwenye TV, maana swali ni la TV. Kuna namna tatu ukitazama vile vipindi. Kwanza Don Warden kwenye kipindi cha Porter Wagoner. Kipindi nusu saa, humo kuna matangazo, kuna kuchekesha, kuna Dolly Parton kuanzia 1967. Warden hapewi nafasi ya kutamba. Anajibu mstari, ananyamaza. Pili Tom Brumley kwa Buck Owens. Ile solo yake ya 1964 iko polepole, hana haraka, kila noti inafika ikiwa imevaa vizuri. Tatu ni watu wa maonyesho kama Speedy West kule Los Angeles kwenye Hometown Jamboree, anabamiza chuma kwenye nyuzi mpaka unadhani kuna ajali. Kwa kamera huyo ndiye mtamu. Kwa mwimbaji wako atafukuzwa siku hiyohiyo.

Kwa Charley Pride usihangaike, nenda kwa Lloyd Green, ile rekodi ya jukwaani ya Panther Hall, Fort Worth. Sikiliza anapojaza. Pride akimaliza mstari, Green anaingia, na kabla Pride hajavuta pumzi ya pili keshatoka.

Kucha_Tatu
Mmesahau jambo kubwa zaidi kwenye TV: kuzima nyuzi. Angalieni mkono wa kulia. Wengi wa zamani wanazima kwa ubavu wa kiganja, wanagusa na kuinua, wanagusa na kuinua. Mpigaji Paul Franklin anaweza kuzima kwa kucha zenyewe, zile za kuvaa vidoleni za kudonolea, kidole kinarudi kwenye uzi kinaunyamazisha. Mtu asiyejua kuzima, nyuzi kumi zote zinabaki zinalia kama sufuria zimeanguka jikoni. Nyumbani husikii. Maikrofoni ya studio inasikia kila kitu.

FundiAmpu
Sasa nikae niwasimulie yaliyonipata, maana naona mnamsukuma kijana kwenye shimo nililolala mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na la pedali, nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Tukaitwa kwenye kituo kimoja, jina naliacha. Tumeambiwa tufike saa tisa alasiri, kwenda hewani saa mbili usiku. Nikafika, nikafunga miguu minne, nikaning'iniza ubao wa pedali, nikalala chini chali na tochi mdomoni nikiunganisha vile vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye pedali kwenda juu tumboni mwa gitaa. Vitatu. Nikatyuni, nikapiga mistari miwili, safi kabisa. Saa kumi na moja wakawasha taa. Zile taa zina joto, gitaa likaanza kuhama, nikatyuni tena. Uzi wa tatu, ule mwembamba wa G#, ukakatika. Nikaweka mwingine, nilikuwa nao mmoja tu.

Dakika kumi kabla ya hewani anakuja kijana wa studio, anasema mezani kwangu kunaziba miguu ya mwimbaji kwenye kamera ya pili. Mezani! Kabla sijainuka, wawili wamelishika huku na huku wamelinyanyua, wamelisogeza hatua mbili. Sikukagua. Nimekaa tu, nikapangusa chuma, nikavaa kucha.

Mwimbaji anamaliza mstari wa kwanza, ananiangalia, kamera inakuja. Nakanyaga A. Mguu unazama kama nimekanyaga godoro. Hakuna kinachopanda. Kile chuma cha pedali A kilikuwa kimechomoka walipolinyanyua, kinaning'inia. Nikakanyaga B, hiyo inafanya kazi, lakini B bila A ni kama mkasi wenye upande mmoja. Nikaanza kuteleza na chuma kutafuta noti kwa macho, jasho linaingia jichoni, na kamera haitoki! Mpiga kamera alikuwa amependa kile kifaa, hajawahi kukiona. Nimekaa kwenye skrini nzima dakika nzima nikipapasa.

Narudi nyumbani, mama anapiga simu. Anasema, "Nimekuona mwanangu. Wenzako wote wanapiga muziki, wewe mbona wamekuweka upige pasi?"

Binti_Tanga
😂😂😂 Mama hana hatia, kweli inafanana na meza ya pasi.

Kucha_Tatu
Nimecheka hadi watoto wameamka. Lakini mkuu, hilo ni kosa la kutokagua, si kosa la pedali.

FundiAmpu
Ni kosa la kupeleka kifaa chenye viungo arobaini mahali ambapo watu wanakinyanyua kama benchi. La mapajani unaingia nalo kwapani, unatoka nalo kwapani.

MwanaKapkatet
Niongeze kidogo, ingawa ni pembeni. Watu husema stili ni mgeni kwetu. Kwetu huku Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis mwaka 1950 wakimwimba Chemirocha, ambaye ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, jina limepita kwenye ulimi wa Kikalenjin. Na Rodgers kwenye santuri zake kadhaa za 1929 alipigiwa stili na Joe Kaipo, Mhawaii. Inawezekana kabisa babu zetu waliisikia stili kwenye gramafoni kabla hawajaliona gitaa la kawaida karibu.

MzeeWaSundowner
Na stili yenyewe ya Rodgers haikuwa na pedali. Nimemaliza.

Texas_Mkenya
Mzee, mwaka 1929 pedali zilikuwa bado! Ni sawa na kumsifu mtu wa zamani kwa kutotumia simu ya mkononi.

Binti_Tanga
Kama ni Afrika, Demola Adepoju alipiga la pedali kwenye bendi ya King Sunny Adé kule Nigeria, kwenye juju, muziki wa Wayoruba, na dunia nzima ikasikia miaka ya themanini. Hakumuiga mtu wa Nashville. Anaingia kati ya ngoma kama ndege anapita juu ya soko. Babu yangu naye alikuwa anapenda gitaa la Kihawaii kwenye nyimbo za filamu za Kihindi, akasema linaomboleza vizuri kuliko fidla. Mimi ningependa kusikia mtu analipiga kwenye taarabu kabla sijafa.

Kucha_Tatu
Taarabu na robo toni zake, zile noti za katikati? La mapajani bila pedali lingefaa hapo.

MzeeWaSundowner
ASANTE.

Texas_Mkenya
Mpini, ukienda kuliona la pedali, muulize muuzaji pedali A iko upande gani. Wengi wanafuata mpango wa mpigaji Buddy Emmons, A iko kushoto kabisa. Wa mwenzake Jimmy Day umegeuzwa. Ukijifunza kwa video za mpango mmoja huku una mwingine, kifundo cha mguu kitakulaani. Angalia pia nyenzo za magoti, vyuma unavyosukuma kwa goti kubadili noti, kama zipo na kama zinarudi zenyewe. Na uliza kama anakupa pedali ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza sauti. Bila hiyo ni nusu ya kifaa: unadonoa ikiwa imefungwa kidogo, kisha unaifungua taratibu kadiri noti inavyokufa, ndipo inapolia bila kuisha.

FundiAmpu
Mguu wa kulia kwenye sauti, wa kushoto kwenye pedali, magoti mawili kwenye nyenzo, mikono miwili juu. Wiki tano. Mwambie ukweli.

Texas_Mkenya
Wiki tano atajifunza majibu manne mafupi kwa wimbo mmoja. Don Warden mwenyewe hakupewa nafasi kubwa kuliko hiyo.

Mpini_wa_Nakuru
Wakuu, nimetoka kumwona mwenye la pedali. Amekubali laki na sitini. Nimekalia, nimekanyaga A na B kwa pamoja kama Texas alivyosema, na nywele zimenisimama, siwadanganyi. Uzi wa tatu haupo, anasema ulikatika zamani hajapata mwingine. Pedali A iko kulia kidogo, sijui ni mpango gani. La mapajani naliona kesho asubuhi. Halafu mwimbaji ameniambia usiku huu kwamba ule wa Jim Reeves ameutoa, ameweka mwingine wa Charley Pride.

Binti_Tanga
Kwa hiyo vaibrafoni imekufa. Masikini kinanda.

Kucha_Tatu
"Kulia kidogo" ni nini? Kuna pedali ngapi? Piga picha kwa chini, si kwa juu.

FundiAmpu
Na kabla ya yote, kuna mtu humu anajua Nairobi wapi wanauza uzi mmoja mmoja wa unene wa inchi 0.011, wa kuweka pale pa tatu? Mimi nilitafuta mwezi mzima.

MwanaKapkatet
Nunua seti ya gitaa la kawaida, chukua mmoja wa 0.011. Ila huwa mfupi, pima kwanza.